Zamu Yangu ya Kukataa

Paa lilinishukia mchana, mvua ikiwa siku ya tatu. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango nachambua mlenda, mama yuko ndani zaidi, upande wa mafiga, anasonga ugali wa mtama. Halikupiga kishindo kama watu wanavyodhani. Boriti ilitoa mlio mmoja kama mtu anayekohoa, kisha giza. Udongo ulinijaa mdomoni. Nyonga ya kushoto sikuihisi kabisa. Nilimwita mama. Akaitika, "Nipo." Nikamwita tena, hakuitika.

Nikiwa chini pale nikasikia filimbi ya Bibi Maendeleo, mwalimu wetu wa kozi ya uongozi. Kisha sauti yake, ile ile ya kozini, haina haraka: "Wanaume kumi mlangoni. Wanawake shikeni makarai, pangeni mstari mpaka kwenye ua wa minyaa. Ramadhani, unaongoza wewe. Anayeona kosa katika mpango huu aseme sasa." Wakaanza kuchimba. Mimi walinitoa nikiwa hai. Mama walimtoa na mwiko mkononi.

Wiki iliyofuata, nikiwa bado nimelazwa, ilisomwa mbele ya mkutano wa kijiji kwamba nyumba ile ilianguka kwa uzembe wa wenye nyumba. Uzembe. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, alishika udongo tangu hajaota meno ya utu uzima, wakamwandika mzembe wa udongo. Neno hilo limo katika daftari la kijiji hadi leo, nami hadi leo naishi kijiji hicho hicho na watu waliolipigia kura. Ndilo linalonikalisha hapa kuandika, mimi mwenye darasa la nne. Anayetaka kuucheka mwandiko aucheke.

Lakini ninayetaka kumwandika hasa ni Bibi Maendeleo. Nilimpenda. Nalisema mapema ili usije ukadhani namwandika kwa chuki tu. Chuki ipo, nayo imekaa juu ya upendo, na vyote viwili ni vyake.

Alikuwa mtumishi wa serikali aliyetumwa kwetu, huku upande wa Ikungi, miaka ile ya mwanzo ya uhuru wetu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wa vijijini kujiongoza wenyewe. Alizaliwa wapi na akina nani sijui, wala hakuna aliyejua. Alikuja na baiskeli ya kiume, sketi ya kaki na raba nyeupe, ambazo kila jioni alizipaka chaki mpaka zinang'aa. Mwanamke juu ya baiskeli! Wazee walitoka nje ya tembe zao, nyumba zetu za paa bapa la udongo, kumtazama kama wanavyotazama nzige.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Kinyaturu alikijaribu, tukacheka mpaka machozi, naye akacheka nasi. Alimwita kila mtu ndugu, ndiyo siasa ya wakati ule. Kwetu huku shikamoo haina mchezo, na siku ya kwanza alipomwambia mama yangu "Habari za kazi, ndugu," mama aliacha chungu alichokuwa anakifinyanga.

"Ndugu yako nani? Mimi na wewe tumenyonya wapi?"

Bibi Maendeleo akashuka kwenye baiskeli, akapiga goti mavumbini na sketi yake ile safi. "Shikamoo, ndugu mama."

Mama alishindwa kununa. Kuanzia siku ile akawa Ndugu Mama kwa kijiji kizima, hata kwa watoto. Bibi Maendeleo akawa anakuja kwetu kila akipita, anakaa juu ya jiwe, anamtazama mama akifanya kazi. Alikuwa na kijitabu kidogo anachoandika kila anachoambiwa. Siku moja aliuliza kwa nini mama anasaga vigae vya zamani na kuvichanganya na udongo mweusi wa mbugani, kule chini bondeni. Mama akamjibu, "Udongo wa mbuga ni mlevi, mwanangu. Ukiupa maji hauachi kunywa mpaka uanguke. Bila vigae siuamini hata kwa chungu cha mboga." Niliona kwa macho yangu akiandika. Kumbuka hilo, maana mimi sijalisahau hata siku moja.

Aliogopa ng'ombe. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, amekuja kufundisha wafugaji, anaogopa ng'ombe! Kundi likitokea njiani baiskeli inatupwa huku, yeye yuko juu ya jabali kule, anapiga filimbi tumwokoe. Alichukia uchelewaji, na yeye mwenyewe alichelewa kila mkutano kwa sababu ya miba na pancha. Alikataa zawadi zote, kuku wa watu alikuwa anawarudisha na kamba zao miguuni, lakini asali hakuwahi kuikataa. "Hii si zawadi, ni dawa ya koo," alisema, huku anafunika kibuyu.

Kozi yake ndiyo iliyonifanya mtu. Ilikuwa ya wiki mbili, katika darasa la shule ya msingi, wakati wa likizo. Alituchukua watu ishirini na wawili, wanaume kwa wanawake, wengine wametembea kutoka mbali na unga wao kichwani. Hakukuwa na posho. Siku hizi wanakuja na magari meupe, wanatufundisha uongozi kwa nusu siku, na mtu haingii ndani mpaka ajue atapewa soda gani. Sisi tulilala sakafuni na tukaona tumeheshimiwa.

Asubuhi ya kwanza alitusimamisha mbele ya kinu. Akasema leo wanaume wanatwanga, wanawake wanasimamia. Ramadhani, ambaye baadaye alikuja kuwa Mwenyekiti wetu, wakati ule kijana mrefu mwenye maneno mengi, akauliza hii ni kozi ya viongozi au ya wapishi.

"Ndugu Ramadhani," Bibi Maendeleo akamwambia, "utakuja kumwamuru mtu kazi usiyojua uzito wake?"

Basi akashika mchi. Mtama ukaruka huku na huku, kuku wa shule wakala karamu. Mwenzangu mmoja akamwambia, "Shemeji, kinu kiko hapa, wewe unatwanga Manyoni!" Ramadhani alitoka jasho mpaka kwenye magoti. Lakini alimaliza, na nasema haki yake: tangu siku ile hakuwahi kumdharau mwanamke anayetwanga. Nilimheshimu kwa hilo. Ndiyo maana nina uchungu naye kuliko ningekuwa nao kwa mtu mbaya.

Mimi aliniteua karani wa kikundi. Nikamwambia mwandiko wangu kama nyayo za kuku. Akautazama, akasema, "Mbaya kweli. Lakini unaandika kilichosemwa, huandiki ulichotaka kisemwe. Kaa hapo."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Aliona kwamba sisi watu wa huku hatupendi kumkatalia mtu usoni. Mkubwa akisema, tunaitikia ndiyo, kisha tunakwenda zetu kufanya tunachojua. Anayekataa hadharani anahesabiwa ana kijicho, ama kuna ugomvi wa ukoo nyuma yake. Bibi Maendeleo akatengeneza dawa. Akasema kila mkutano mtu mmoja atakuwa na zamu ya kukataa. Kazi yake siku hiyo ni kupinga kila linaloletwa, hata kama analipenda, na kutoa sababu. Majina akayapanga kwa orodha ukutani. Kwa hiyo hakuna wa kumchukia mpingaji, maana ni zamu yake tu, na kesho ni ya mwingine.

Lilikuwa jambo zuri, msinielewe vibaya. Tulipotaka kuchimba kisima cha kujitolea karibu na shule, zamu ilikuwa ya mzee mmoja mpole, mtu wa kunong'ona. Akasimama, akasema anakataa, kwa sababu ng'ombe wake huenda pale kulamba ardhi. Mahali ng'ombe wanalamba pana chumvi. Tulimcheka kidogo, kisha tukachimba shimo la kujaribu, maji tukaonja, tukatema. Kisima tukakihamishia ng'ambo ya mawe na kikatoa maji matamu, wanayakunywa mpaka leo. Bibi Maendeleo alimshika mzee yule mkono mbele ya watu wote. Mzee alitembea wima mwezi mzima.

Zamu ikaingia hadi majumbani. Mume wangu wa wakati ule nikimwomba akate kuni ananijibu, "Leo zamu yangu ya kukataa." Namwambia, "Sawa, na mimi zamu yangu ya kupika ni kesho." Watu walicheka sana miaka ile. Jumamosi tunakwenda kazi ya kujitolea tunaimba, tunabeba mawe ya zahanati, na Bibi Maendeleo yumo, raba zake zimekuwa nyekundu kwa vumbi, anabeba jiwe kubwa kuliko kichwa chake na anajifanya si zito. Nikikumbuka, nacheka peke yangu kama mwehu, halafu nyonga inanikumbusha.

Kulikuwa na kitu kimoja alichoogopa kuliko ng'ombe. Landrova ya tarafa ilipotokea, yeye aliyetufundisha kuuliza wakubwa alivuta sketi, akasimama mikono pembeni kama mtoto wa shule. Sauti yake ikawa nyembamba. Katibu Tarafa aliitwa Festo. Mwanaume mfupi, msafi, hakuwahi kushuka garini mpaka mtu amfungulie mlango. Tuliliona hilo la Bibi Maendeleo, tukamsitiri. Tulisema ni adabu ya kazi.

Ikaja amri ya kuhamia vijiji vya pamoja. Sitaki kubishana hapa kama amri yenyewe ilikuwa njema au mbaya, wengine iliwapatia shule na zahanati. Mimi nasema la kwetu. Sisi tulikaa juu kwenye mawe. Festo alichagua kando ya barabara, chini kabisa, mbugani, kwa kuwa gari linafika. Tukajenga tembe mpya kwa vikundi, nyumba kumi kumi, kwa nyimbo zile zile za kozi. Kuta zikasimama, boriti zikapanda, bado mbichi zinatoa maji. Likabaki la udongo wa juu ya paa.

Kwetu paa la tembe huwekwa udongo wa kichuguu, unaoshikana na kumwaga maji. Vichuguu vilikuwa kule juu tulikotoka, mwendo wa saa nzima na mzigo kichwani. Mbugani hakuna kichuguu, kuna udongo mweusi tu. Festo alikuwa ameshataja siku ya kuhamia, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mkutano ukaitwa, Festo akaja na Landrova na mgambo wake. Lililoletwa lilikuwa hili: tupandishe udongo wa mbuga juu ya paa tumalize, tuingie wiki hii hii, na tembe za zamani ziezuliwe ili mtu asirudi nyuma.

Nikatazama orodha. Zamu ilikuwa yangu.

Mama alikuwa ameniambia asubuhi ile, "Mwanangu, kawaambie. Mimi wataniona mzee wa kung'ang'ania mawe yake. Wewe umekaa darasani nao." Nikasimama. Nikawaambia udongo wa mbuga unakunywa maji, ukishiba unakuwa mzito mara mbili, na boriti zetu ni mbichi, zitapinda. Nikasema tubebe udongo wa kichuguu hata kama ni mwezi mzima, na tembe za juu tusiziguse mpaka masika yaishe. Nikasema ikinyesha siku tatu mfululizo watu watafia ndani.

Festo akageuka. "Huyu mama ni nani? Mpinga maendeleo?"

Mgambo wawili wakasogea. Hapo Ramadhani akaruka, mikono juu, anacheka: "Hapana, Ndugu Katibu! Usimwogope. Ni zamu yake tu! Kwetu kila mkutano kuna mtu wa kukataa."

Mkutano ukacheka. Festo naye akacheka, kwa mara ya kwanza tukamwona meno. "Zamu ya kukataa! Kijiji hiki kina vituko. Basi mama umekataa vizuri, kaa chini."

Wakanipigia makofi. Unanielewa? Walinipigia makofi. Jirani yangu akanigusa bega, "Wewe leo umeweza, mpaka mimi nimeogopa!" Nikasema, "Jamani, sifanyi zamu. Nasema kweli." Wakacheka zaidi, wakadhani hiyo nayo ni sehemu ya zamu. Nikamtazama Bibi Maendeleo. Yeye peke yake hakuwa anacheka. Kijitabu kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Akanitazama, akatazama Landrova, akatazama chini.

"Ndugu karani ametimiza zamu yake," akasema kwa ile sauti nyembamba. "Tuendelee na kura."

Mikono ikapanda yote.

Nimekaa na mkutano ule miaka mingi, nimeugeuza kila upande. Ramadhani pengine aliniokoa na mgambo. Lakini alijua. Kesho yake alimtuma mke wake na wanawe juu kwenye mawe wakachukue udongo wa kichuguu kwa punda, kwa paa lake mwenyewe. Paa lake halikuanguka. Na wiki iliyofuata kifo cha mama ni yeye aliyekalia kiti cha mkutano na kusoma "uzembe", na kusema kwamba wenzetu walijenga vizuri ila sisi. Mapaa mengine manne yalipinda masika yale, watu wakawahi kutoka. Hayo hayakusomwa. Na Festo ndiye aliyelitaka neno lile liandikwe kabla taarifa haijakwenda wilayani. Aliyeniambia ni karani aliyenirithi kalamu, na aliniambia analia.

Bibi Maendeleo alikuja kuniona mara moja tu nilipolazwa. Alileta asali. Alikaa, akaniosha uso, akaondoka. Baada ya hapo alihamishwa, akaondoka bila mkutano wa kuagana, na baiskeli yake tukasikia ameiacha Singida mjini.

Nikarithi udongo wa mama. Kwa mguu huu siwezi jembe, naweza chungu. Nikawa napeleka vyungu kwa lori hadi Itigi, pale karibu na stesheni, treni ikisimama watu wanashuka kununua asali na vitu vidogo. Mwaka juzi nilikuwa pale, akaja mwanamke mzee, kanga mbili, makubazi ya mpira, akainama akachukua chungu kimoja. Akakigonga kwa kucha, akakisikiliza.

"Hiki kimefinyangwa na nani?"

"Na mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Na wewe ulifundishwa na nani?"

Sauti nikaijua kabla ya sura. Nikamwambia, "Na Ndugu Mama."

Akakaa chini pale pale, katikati ya vyungu, bila kutazama anakalia nini. Akanitazama mguu. Alikuwa amezeeka vibaya, macho yamefunikwa kidogo, anaishi kwa mpwa wake karibu na reli. Watu wanapita wanauliza bei, mimi siwajibu.

"Ulijua," nikamwambia. "Uliandika kwenye kijitabu chako kwamba udongo ule ni mlevi."

"Nilijua."

"Ulijua pia kwamba sikuwa nafanya zamu."

"Ulikuwa umekunja ngumi," akasema. "Mtu wa zamu hakunji ngumi."

"Kwa nini hukusema?"

Akakigeuza kile chungu mikononi. "Jioni ya kabla ya mkutano Festo aliniambia tarafa nzima imebaki na kijiji kimoja kinachochelewa, nacho ni changu. Akasema wanaochelewesha majina yao yanajulikana. Niliogopa, mwanangu. Nilisimama pale nikajiambia, si amesema? Si wamesikia? Wamepiga kura wenyewe, ndivyo nilivyowafundisha. Nikajificha nyuma ya kazi yangu mwenyewe."

Nilikuwa nimengoja miaka yote kumtukana. Matusi yalikuwepo, nimeyapanga. Nikamtazama mikono ile iliyobeba mawe ya zahanati, yakaniishia. Akataka kunishika magoti kuniomba radhi. Nikamzuia.

"Usiniombe mimi hapa stesheni mbele ya wauza karanga. Njoo kijijini. Neno lilisomwa mkutanoni, likafutwe mkutanoni. Sema mbele ya watu ulichoniambia mimi."

"Nitakuja," akasema. "Mavuno yakiisha."

Nilimpa kile chungu. Mavuno yameisha mara mbili. Hajaja. Najua yu hai, wanaotoka Itigi wananiambia wanamwona.

Juzi imetangazwa semina ya viongozi vijana kijijini kwetu, wanakuja wageni kutoka mjini, na Mzee Ramadhani ndiye atakayeifungua, aeleze jinsi tulivyojifunza kujitolea na kujiongoza enzi zile. Ataeleza vizuri, ana mdomo. Festo amealikwa pia, amestaafu, ana nyumba ya bati pale mjini. Vijana watawapigia makofi.

Mimi nitakuwepo, nitakaa mbele. Safari hii sina zamu na sitaki kuchekewa. Ramadhani, uliyechukua kichuguu kwa paa lako na kutuachia sisi mbuga: eleza. Festo, uliyetaka liandikwe neno lile kabla mama yangu hajakaa kaburini wiki moja: eleza. Na wewe Bibi Maendeleo, uliyenifundisha kushika kalamu, lori la Itigi linapita kila siku na nauli yako nitatoa mimi. Daftari la kijiji lipo, karani nimeshamwambia alilete mezani. Nataka mmoja wenu asimame, aseme kwa mdomo wake kwamba mama yule hakuwa mzembe, mliambiwa mkasikia, mkamwingiza ndani mkijua. Kisha mlifute mbele ya hao vijana mnaotaka kuwafundisha. Nani kati yenu anaanza?